Kiangazi Tulichokausha Kijito Mara Mbili

Tope la kijito cha msituni likichimbuliwa hutoa harufu ya majani yaliyooza na samaki, na harufu hiyo haitoki mikononi hata usugue kwa majivu. Mimi, nasema ukweli, niliichukia. Lakini kwetu, upande wa Wamaza, kila kiangazi wanawake huingia msituni, wakaziba kijito kwa miti, majani na tope, kisha wakachota maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki wakirukaruka chini. Sehemu ya kijito ni ya wanawake wanaoikausha. Wakiiacha kiangazi kimoja tu, chifu anaweza kumpa mtu mwingine. Mwaka nilipofikisha miaka kumi, wachimbaji dhahabu kutoka Lusangi walikuwa wameshaiomba yetu. Wanawake wengi waliogopa kugombana nao, tukaenda watano: mama yangu, jirani zake watatu na mimi.

Nilipewa kazi ya kuziba ukingo wa kushoto. Kwa uvivu nikashindilia majani matupu, bila tope. Adhuhuri, maji yakiwa yamebaki ya kifundo cha mguu, ukingo wangu uliachia na kijito chote kikaturudia hadi kiunoni. Samaki wakaenda zao. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Zaina, jirani yetu, akajitwika beseni lake. "Turudi ku nyumba, maji iko na nguvu," alisema. Mama alikuwa ameshaanza kuokota miti iliyosombwa. "Hapana mutu anarudi," alijibu, kisha akanigeukia. "Sifa, leta tope." Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Nilibeba tope mpaka mabega yakafa ganzi. Jua lilipoinama tulikuwa tumekikausha tena, tukapata kambare wachache na kaa. Kambare mkubwa kuliko wote mama alimpelekea chifu, ajue kwamba tulifika.

Leo vijito vya jirani vimegeuka mashimo ya wachimbaji, yenye maji mekundu; maji ya chetu bado yananyweka. Mwaka huu tulikuwa watatu tu, na samaki hawakujaza hata sufuria. Binti yangu, tope limemjaa hadi kwenye nyusi, aliniuliza kama kuna faida ya kurudi mwakani kwa samaki hawa. "Hatukuja juu ya samaki," nilimwambia. "Tulikuja juu ya muto." Tulipofika kijijini, kabla hata ya kuoga, alipita kwa rafiki zake, nyumba kwa nyumba, akitafuta mtu wa nne.