Fundi Asiyeng'oa Balbu

Saa mbili asubuhi, yadi ya mafundi nyuma ya mtaa wa Mbotela, Nairobi. Fundi Khavere anachomeka kipande cha waya kwenye kiboksi kidogo chini ya boneti ya gari la Kijapani. Anazungusha ufunguo bila kuwasha injini, kisha anakodolea macho dashibodi. Taa ya injini inapaswa kupepesa, ikihesabu namba ya ubovu. Wapi! Giza tupu.

"Wameing'oa balbu," anasema kwa hasira.

Mwenye gari, Mahmud, muuza viatu mtaani humo, anashtuka. "Wallahi, dada, mimi niliambiwa limepona!"

Ndiyo tabia ya mafundi wengi mwaka huu wa 1996. Taa ikiwaka, wanaondoa balbu na mteja anakwenda zake akifurahi. Gari likirudi na moshi mweusi, wanalitoa kompyuta ya injini na kulifungia kabureta kuukuu.

Kabureta ya kufungwa kwenye gari la Mahmud tayari imewekwa juu ya meza ya Lusweti, fundi wa banda la pili. Khavere amepewa muda mpaka adhana ya adhuhuri. Gari hili likimshinda, wakuu wa yadi wamesema banda lake atapewa mtu mwingine. Tangu Januari amepata magari mawili tu, na moja lilirudi likivutwa kwa kamba.

"Lile kosa lilikuwa langu," anakiri mama huyu wa miaka thelathini na minne. "Taa ilipepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara moja. Nikajumlisha, nikasema nne. Kumbe ilikuwa ikisema thelathini na moja! Nikabadilisha kitu kizima, kibovu nikakiacha."

Tangu siku hiyo wanamwita Mama Nne. "Na watoto wangu ni wawili," anasema, akicheka kidogo.

Ufundi huu aliuokota kwenye gereji kubwa ya Industrial Area, alikopika chai miaka mitano. Kulikuwa na kitabu cha Kijapani ambacho hakuna aliyekitaka.

"Sikujua hata neno moja. Lakini picha ni picha, na namba ni namba."

Akanakili kila namba kwenye daftari la shule, na kando yake akachora kifaa chake.

Leo inamchukua karibu saa nzima kufungua dashibodi. Anahamisha balbu moja ya kumulika saa ya gari, anaiweka penye pengo, anazungusha ufunguo tena. Taa inapepesa mara mbili. Inapumzika. Mara mbili tena.

"Nne!" Lusweti anapaza sauti kutoka bandani kwake, na yadi inaangua kicheko.

Khavere hageuki. Anasubiri taa irudie mara tatu, midomo ikihesabu. "Ishirini na mbili," anasema.

Kwenye daftari, ishirini na mbili ni sensa ya joto la maji, kile kidude kinachoiambia injini kama imepoa au imechemka. Anapapasa nyuma ya injini mpaka anaupata waya wake. Kwa nje ni mzima. Anauvuta taratibu, unachomoka mkononi: ndani ulishakatika.

"Shenzi kabisa! Kompyuta inadhani injini ni baridi, gari linamwagiwa petroli bure kwa sababu ya uzi huu!"

Anauunga, anaufunga kwa tepu, anaichomoa fyuzi kufuta kumbukumbu ya kompyuta, anairudisha, anautoa waya wa kwenye kiboksi na kuwasha injini. Taa inawaka, kisha inazimika yenyewe, kama inavyotakiwa. Mahmud anachuchumaa nyuma, anashika leso yake nyeupe mbele ya bomba la moshi. Inabaki nyeupe.

Adhana inaanza. "Alhamdulillahi. Naenda kuswali, na gari langu naenda nalo," anasema.

Lusweti anafunika kabureta kwa gunia, anasogea polepole. "Mama Nne, hebu nione hilo daftari."

"Kwanza niite jina langu."

"Haya basi. Khavere."

Khavere anamsogezea kiti. Banda limebaki lake, na tayari ameokota bati la kutengenezea bango. Jina lake ataliandika kwa herufi ndogo, anasema, kwa sababu kubwa ameyawekea maneno mengine: HAPA HATUNG'OI BALBU.