Mistari Mitatu ya Sahihi

Mi sina subira, naomba niseme mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Nikiulizwa kitu mara mbili, damu inapanda. Mke wangu Maombi anajua, majirani wetu wote wa kambi ya Dzaleka, Malawi, wanajua, na mwaka 2001 hata kompyuta ilikuja kujua, maana programu iliyokuwa ndani yake niliitengeneza mwenyewe. Lakini leo sitaki kuongea juu yangu. Nataka kuongea juu ya Mama Vénérande, dactylo wa Bukavu, mwanamke niliyemkosea mbele ya watu.

Dactylo kwetu ni mpiga taipu, na Mama Vénérande alikuwa amepiga taipu miaka kumi na tisa katika ofisi ya kampuni moja ya chai. Vita ilipomtoa Bukavu alifika kambini na kibegi kimoja, ndani yake vitenge viwili na brashi ndogo ya kusafishia herufi za mashine. Mashine yenyewe ilibaki huko, Mungu anajua ni nani anaipiga. Maombi alimuuliza, "Mama, brashi ya nini sasa?" Akajibu, "Ya kazi," akaifunga tena ndani ya kitambaa kama mtu anayefunga hati ya shamba.

Kazi ikaja kweli. Pasta Ambroise, ambaye ni Mkongomani mwenzetu na anaongoza kanisa dogo kule Area 25, Lilongwe, alikuwa ameunda komite ya kutafuta watu waliopotezana vitani. Mkimbizi anajaza kadi: jina la mtu wake, alizaliwa wapi, alionekana wapi mara ya mwisho, nani anamtafuta. Kadi zinaingizwa kwenye kompyuta ya kanisa, orodha inawekwa kwenye disketi, na disketi inasafiri na mtumishi wa kanisa hadi kambi za Kigoma, ambako batu ya Uvira na Fizi ni wengi kuliko kwetu. Safari ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili ya kazi, saa sita mchana. Safari nyingine labda baada ya miezi sita, labda hakuna.

Programu nikatengeneza mimi. Nilikuwa nimesoma informatique, masomo ya kompyuta, mwaka mmoja na nusu kabla shule haijafungwa, na kwa huo mwaka na nusu nilitembea kifua mbele Lilongwe nzima. Fomu yangu ilikuwa nzuri, nasema ukweli. Nafasi sita za kuandika, na chini vitufe viwili: Weka na Futa. Sasa, kwenye fomu ya kompyuta kitufe kimoja tu ndicho kinakuwa na zamu. Kinazungukwa na vidoti vidogo, na ukigonga Enter, chenye vidoti ndicho kinachobonyezwa, utake usitake. Ukigonga Tab, zamu inahamia kwa jirani. Mtu anayejua hivyo hahitaji kushika panya hata kidogo.

Mama Vénérande alikuja kazini siku ya kwanza amevaa viatu vya kufunga na amechana nywele mpaka zinang'aa. Akakaa. Akatazama kompyuta kushoto na kulia.

"Aristote, mwanangu, hii mashine yako haina kengele? Nitajua namna gani mstari umeisha?"

"Haina, Mama. Mstari hauishi."

"Mstari hauishi!" Alinionea huruma, nikaona.

Siku mbili za kwanza zilikuwa msiba. Mashine za kwetu ni za Kifaransa na herufi zimekaa kwingine, kwa hiyo vidole vyake vilikwenda mahali vilipozoea, na mzee Balagizi akaingia kwenye kompyuta akiitwa Bqlqgiwi. "Nani alizipangua hizi herufi?" aliuliza kwa hasira, kama ni mimi niliyeingia usiku na bisibisi. Lakini siku ya tatu vidole vilikubali. Na vikishakubali, mama we! Macho yako kwenye kadi, mgongo umenyooka, sauti ya vitufe inakwenda bila kukatika. Tab aliijua tayari, maana hata mashine za zamani zina tabulateur. Kadi moja, dakika tatu, basi. Hakuinua macho kutazama kioo hata mara moja, kwa sababu dactylo wa kweli, alisema, anaangalia kazi ya mkubwa, haangalii mashine. Nami nikarudi zangu Dzaleka nikiwa na raha.

Kulikuwa na kitu kimoja nilikiona siku hiyo. Kwenye mfuko wa blauzi alikuwa na kadi yake mwenyewe. Mdogo wake, Lucie Nabintu, alipotea Oktoba 1996 kwenye njia ya Uvira, watu walipokimbia risasi huku na huku. Nikamwambia, "Ingiza hiyo kwanza, Mama, we ndiye uko kwenye kiti." Akakataa. "Nikianza na yangu, batu watasema nini? Yangu ya mwisho."

Alhamisi ya wiki ya pili nikarudi Lilongwe kutoa orodha. Pasta Ambroise amesimama nyuma yangu na miwani yake. Nikafungua. Watu tisa.

Tisa! Na hao tisa ni wale niliowaingiza mwenyewe kwa panya siku ya kuonyesha. Kadi mia moja themanini na nne zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja ina alama ya kalamu kwamba imeshaingia, na ndani ya kompyuta hakuna hata moja. Pasta alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, wakabaki tisa walewale.

Hapa ndipo nilipokosa. Sikuuliza, sikutazama. Nikasema, "Pasta, programu ni nzima. Mama huyu anafuta."

"Mi nafuta?" alisema Mama Vénérande. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Pasta ni mtu mpole, na mtu mpole akikuondoa kazini inauma zaidi. Alimwambia amefanya alichoweza, kwamba umri ni umri, kwamba binti mmoja anaitwa Cadeau ana cheti cha kompyuta na anaweza kuanza safari ijayo. Safari ijayo! Mama Vénérande hakubishana. Alifungua kile kitambaa, akatoa brashi, akaanza kupangusa vitufe vya kompyuta kimoja kimoja, kama alivyofanya bila shaka kila jioni Bukavu kabla ya kufunika mashine. Alikuwa anaiaga. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akagusa ile kadi ya Lucie, akautoa mkono mtupu.

Wallahi niliona aibu hata kabla sijajua kosa ni la nani. Nikamwambia, kwa ukali, maana mi nikiona aibu nakuwa mkali, "Mama, kaa. Piga kadi moja. Mi naangalia."

Akakaa. Akachukua kadi ya juu, ya mtu anayeitwa Nahayo. Vidole vikaanza. Jina, Tab. Mahali, Tab. Mpaka mwisho, Tab, vidoti vikazunguka kitufe cha Weka, vizuri kabisa. Halafu Enter, Enter, Enter. Ta-ta-ta! Fomu ikawa nyeupe. Mkono wake tayari uko kwenye kadi ya pili.

"Simama! Kwa nini mara tatu?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa nguo. "Mistari mitatu ya sahihi."

"Sahihi ya nani?"

"Ya mkubwa! Kila barua inaachiwa mistari mitatu chini. Ukiacha miwili, muhuri unakalia sahihi. Mkubwa wangu alikuwa na sahihi fupi lakini muhuri wake ulikuwa kama sahani. Miaka kumi na tisa, Aristote. Wewe hawakukufundisha?"

Jamani. Nikamwomba arudie, polepole, kidole kwa kidole. Enter ya kwanza: Weka imebonyezwa, Nahayo ameingia, hoyee. Lakini mimi, fundi mkubwa, nilikuwa nimekipanga kitufe cha Weka kilale kikishafanya kazi, kififie, mtu asiweke mara mbili. Na kitufe kikilala, zamu haibaki hewani. Inahamia kwa jirani. Na jirani ni nani? Futa! Enter ya pili: Futa imebonyezwa, kisanduku kimeruka katikati ya kioo, kinauliza: Una hakika unamfuta Nahayo? Chini yake Ndiyo na Hapana. Na zamu iko wapi? Iko kwenye Ndiyo. Enter ya tatu: kwaheri Nahayo. Fomu inabaki nyeupe, safi, inangoja kadi nyingine.

"Hicho kisanduku hukukiona, Mama?"

"Nilikiona kwa pembeni, kinakuja kinaondoka." Alifikiri kidogo. "Nilidhani kinasema aksanti."

Pasta Ambroise aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Nami nikacheka mpaka nikakohoa, halafu nikaacha. Kwa sababu nilikuwa najua ni nani aliyeweka zamu kwenye Ndiyo. Nilikuwa ninaijaribu programu, ninafuta majina ya uongo, na kila mara kisanduku kinaniuliza una hakika, una hakika. Nikaudhika. Nikaiweka zamu kwenye Ndiyo ili nisisumbuliwe. Watu mia moja themanini na nne walifutwa kwa sababu Aristote hapendi kuulizwa mara mbili.

"Pasta," nikasema, "si yeye. Ni mimi." Ilikuwa ngumu kutoka, lakini ilitoka. "Mama, unisamehe."

"Bon," alisema Mama Vénérande. "Utatengeneza ama utalia?"

Kuipanga fomu upya kulihitaji siku nzima, na siku hatukuwa nayo. Nilibadilisha vitu viwili tu. Zamu ya kile kisanduku nikaihamishia kwenye Hapana, na mtu akijibu Hapana, jina linabaki na fomu nyeupe inafunguka. Vidole vyake sikuvigusa. Unamwambiaje mtu aliyepiga taipu miaka kumi na tisa aachane na mistari yake mitatu? Sasa ta-ta-ta yake ilikuwa na maana nyingine: weka, futa, hapana. Kila mtu wa kwenye kadi alisimama mlangoni kidogo halafu akabaki ndani.

Akaanza saa saba mchana. Pasta alimletea nsima, ugali wa huku Malawi, na maharage, akala kwa mkono wa kushoto, nadhani hata hakujua anakula nini. Ijumaa tulifungua mlango saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano kadi zote mia moja themanini na nne zilikuwa zimeingia, nilizihesabu mwenyewe, na mtumishi wa kanisa alikuwa nje na mkoba wake, anauliza kila dakika kama tumemaliza.

"Bado moja," alisema Mama Vénérande, akatoa kadi mfukoni.

Hii aliipiga polepole. Lucie Nabintu. Kuzaliwa Bukavu. Mara ya mwisho: njia ya Uvira, ana ndala moja mguuni. Anayemtafuta: dada yake. Tab, vidoti, Enter. Enter. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, akainua macho kwenye kioo. Kisanduku kilikuwa pale. Alikisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Una hakika unamfuta Lucie Nabintu?"

Kidole kikabaki hewani. Nilitaka kumwambia usiogope Mama, zamu iko mahali pazuri, gonga tu. Lakini, kwa mara moja maishani, nilinyamaza.

"Unaona swali hili, Aristote?" alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyapangusa. "Miaka mitano watu wananiuliza hili hili. Vénérande, huyo mdogo wako si ungemwacha tu?"

Akakitazama kisanduku kama mtu aliyemkosea heshima.

"Hapana," alikijibu, akagonga Enter.