Mama, Mto na Kichwa Nguvu

Hima, ninakoishi na mume wangu, tunasema kichwa ngumu. Bwera nilikozaliwa, karibu na mpaka wa Kongo, wanasema kichwa nguvu. Ni neno la kila siku. Kufuli ikikataa kufunguka ina kichwa nguvu. Maharage yaliyokaa motoni tangu asubuhi na bado yanagonga meno, mbuzi anayelala chini njiani kwenda sokoni, mtoto anayeulizwa nani kamwaga maziwa akatazama ukuta: wote kichwa nguvu. Mimi mwenyewe niliitwa hivyo mpaka nilipoolewa, na aliyeniita zaidi ni mama. Alipenda kuniambia mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikamjibu kwamba sisi ni Wakristo, hatuna Idi ya kungoja, na hapo ndipo kiboko kilipotafutwa.

Sasa neno limemrudia mwenyewe, wala sioni cha kuchekesha.

Nyumba ya mama iko juu kidogo ya mto Lhubiriha. Zamani kati ya nyumba na mto kulikuwa na mihogo, mibuni na migomba. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mto huja na mawe na kuondoka na kipande cha shamba. Kwetu mpaka wa shamba huwekwa kwa ile miti ya majani marefu ambayo ukikata tawi na kulichomeka ardhini, linashika. Mto ukiibeba miti ya mpaka, mama hukata matawi ya ile iliyobaki, akayachomeka upya, juu zaidi, karibu na nyumba. Kisha hunawa mikono na kwenda kupika. Ukimuuliza, anasema ni mto uliokosea njia.

Mwaka huu, mto ulipochukua mibuni ya mwisho, nilikwenda na pikapu ya kukodi. Nyumbani Hima nilikuwa nimemtayarishia chumba, na godoro jipya nimeliweka.

"Mama, twende. Hii muto itakubeba."

"Nitaenda, mutoto," akasema, nami nikashangaa. "Lakini baba yako unamuachia nani? Mumubebe naye."

Baba amezikwa kwenye migomba, nyuma ya jiko, upande wa mto. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na neno la kulihamisha kaburi lake ni la ndugu zake wa kiume, si la mke wala la binti. Nikapanda kwa baba mdogo, anayekaa juu mlimani ambako hakuna mto unaofika. Nilimsalimu kwa adabu, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akaagiza niletewe chai. Kisha akasema mtu akishalazwa haamshwi.

"Mama yako anaweza kwenda," akaongeza. "Hakuna mutu alimukataza."

Niliteremka na jibu hilo. Nilikuwa na hasira na baba mdogo, na mama, na hata baba, Mungu anisamehe, kwa kulala pale. Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni, dereva ameshapewa chakula. Alinitazama usoni tu, akajua.

"Sasa ona. Kichwa nguvu iko ya nani? Ya miye, ao ya bale?"

Akaelekeza kisu juu mlimani, kwa baba mdogo. Dereva alitaka kuwahi Kasese, nikamwacha aondoke na pikapu tupu. Niliingia jikoni nikalia, nikilia kwa sauti ili anisikie, naye akaendelea kumenya ndizi mpaka zikaisha.

Kisha alichukua panga, akaenda kukata matawi. Alinipa nusu. Nilitaka kukataa, lakini mikono yangu ikayapokea. Tukaanza kuchomeka kwenye udongo uliolowa, mto ukinguruma chini yetu, nami nikitafuta pa kukanyaga nisiguse mawe ya kaburi. Tawi la mwisho nililichomeka miguuni pa baba, kwa sababu hapakuwa na nafasi pengine.