Shajara ya Wahamiaji wa Kidichi

Babu mzaa babu yangu alikufa mara moja tu, na kaburi lake liko Kidichi, nyuma ya mikarafuu aliyoipanda mwenyewe. Lakini kuzaliwa, alizaliwa mara tatu. Kabla ya Mapinduzi, ami yangu alisema mzee huyo alizaliwa Shihiri, Uarabuni, akaja Unguja na msahafu kwapani. Baada ya Mapinduzi, ami huyo huyo alianza kunieleza kwamba mzee alikuwa Mnyamwezi safi, aliyetembea kwa miguu hadi pwani na kuvuka kuja kupalilia mashamba ya watu. Na marehemu bibi yangu, aliyewahi kumpikia, alisema siku zote kwamba mkwewe alitoka Ngazija.

Nilimkumbusha ami maneno yake ya zamani tukiwa barazani kwake. Alitazama njia juu na chini kabla ya kunijibu.

"Hayo ya Shihiri nani kakwambia?"

"Wewe, ami."

"Basi nilikuwa nakutania."

"Tangu mimi mtoto mpaka nimeota mvi?"

"Kosa langu hilo, kama wewe huelewi utani?"

Nilikuwa msomaji wa mita za umeme katika Mji Mkongwe. Shule niliiacha mapema, mengine nimejifundisha mwenyewe usiku kwa vitabu vya kuazima. Labda ndiyo maana sina subira na watu wanaobadilisha majibu. Mita haiangalii nani amepita njiani ndipo iseme. Mwaka ule wa 1964 tuliulizwa kazini, mmoja mmoja, kabila zetu. Wenzangu walijibu haraka, wengine haraka mno. Mimi nilisimama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake akalisahau. Mwezi uliofuata nilitandika karatasi ya khaki mezani, nikachora mstari wa kwanza wa shajara, mti wa nasaba ya ukoo wetu.

Kazi hiyo ilinichosha kuliko ngazi zote nilizopanda mjini. Kila kizazi kilimpa mtoto wa kwanza jina la babu yake, kwa hiyo nilikuwa na wanaume watano wa jina moja na sikujua nani kamuoa nani. Wanawake waliolewa wakatoka katika midomo ya watu. Walibaki "mama wa fulani" tu. Nilimfuata bibi mmoja wa ukoo huko Bububu, nikamuuliza jina la marehemu mumewe. Akacheka akajifunika mdomo kwa kanga.

"Mume wangu si babu yako mdogo?"

"Najua, bibi. Jina lake?"

"Haya! Mie nimtaje mume wangu kwa jina, na utu uzima huu?"

Nilitoka hapo bila jina, ila na kikapu cha mihogo.

Aliyenifaa ni mmoja tu, dada yangu mkubwa aliyebaki Kidichi. Ana kumbukumbu safi, na akisema kitu leo, mwakani atakisema vile vile. Nilikuwa nampelekea shajara, namsomea, naye ananisahihisha huku anafanya kazi zake. Alinidharau kwa kazi ile, lakini hakunidanganya.

Shajara ilikuwa imefika vizazi sita ilipokuja posa ya binti yangu. Kijana alikuwa mwalimu mwenzake, watu wake wako Matemwe. Binti yangu hakusema kama anamtaka. Aliacha tu kugombana na mama yake, na nyumba nzima ikaelewa. Sisi tulimpenda kijana yule kwa adabu zake. Mahari yakakubaliwa, na mke wangu akaanza kushona mito.

Baba wa kijana alikuwa mgane. Nilimuomba nasaba yake, maana nilitaka kumuunganisha mkwe katika shajara kabla ya harusi. Alinitazama kama fundi anayeulizwa bei ya msumari mmoja. Hata hivyo alinipa alichojua: wazee wake walitoka Bara, walilima hapa na pale, na yeye na marehemu mkewe walikaa miaka michache Kidichi, wakilima kwenye shamba la mtu, kabla yeye hajahamia Matemwe na mtoto. Mkewe alifia huko huko Kidichi, kijana akiwa mchanga.

Jumapili nikampelekea dada karatasi. Alikuwa ukumbini anachambua karafuu, makonyo upande huu na karafuu upande ule. Nikamsomea upande wa mkwe. Nilipofika kwa mama aliyefariki, mikono yake ikasimama.

"Kwao ni kwenye lile shamba la chini, karibu na kisima?"

"Sijui. Shamba la mtu, ndivyo alivyosema."

"Baba yake ana kovu hapa, kwenye nyusi?"

"Analo."

"Mdogo wangu, kunja karatasi yako. Huyo mtoto kanyonya kwangu."

Nilimuuliza ana maana gani, ingawa nilielewa. Akanieleza kwamba mama mtu alipougua, wanawake wa shamba walipokezana kumlea mtoto, na yeye, aliyekuwa na mtoto wake kifuani, ndiye aliyemnyonyesha masika mazima. Baba alikuwa kibarua mjini, anarudi Ijumaa. Nani angemweleza mambo ya maziwa?

"Huyo ni mwanao wa kunyonya," nikasema. "Lakini binti yangu..."

"Na binti yako pia."

"Yeye alipewa maziwa ya mbuzi!"

"Mbuzi gani? Mkeo kalazwa hospitali wiki nzima, mnaniletea kitoto kinalia mpaka kinageuka rangi, halafu mie nimsubiri mbuzi? Nilimpa ziwa. Mkeo alikuwa hoi, wewe ulikuwa unasoma mita."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Dada! Nimekuja hapa miaka chungu nzima kukuuliza!"

"Umeniuliza nani kamzaa nani. Maiti kwa maiti. Siku moja umeniuliza nani kamnyonyesha nani?"

Nilikaa juu ya gunia nikatazama karatasi yangu. Vizazi sita, mistari imepigwa kwa rula, na hapakuwa na mahali hata pamoja pa kuandika maziwa. Na hayo ndiyo yanayoharamisha ndoa: walionyonya ziwa moja ni ndugu. Ubinamu, ambao niliuchora kwa uangalifu mkubwa, hauzuii kitu.

Tulikwenda kwa sheikh wa mtaa, mimi, mke wangu na dada. Nilikuwa na tumaini moja: sheria inataka manyonyo matano ya kushiba, na baada ya miaka ishirini nani atathibitisha hesabu?

"Bi," sheikh akauliza, "unakumbuka ulimnyonyesha binti huyu mara ngapi?"

"Sheikh, hesabu ni za ndugu yangu huyu. Mie mtoto akilia nampa."

"Zilifika tano, akashiba kila mara?"

"Tano?" Dada alimgeukia mke wangu. "Mwanao yule, tano si kabla ya adhuhuri tu?"

Mke wangu alikuwa analia, lakini alitikisa kichwa kukubali. Binti yetu alikuwa mlafi tangu tumboni. Sheikh akasema hao ni ndugu, ndoa haiwezekani.

Nilimwambia binti yangu mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Shajara yako inasemaje, baba?"

"Haisemi kitu. Haina maziwa."

"Basi kwa nini tusiifuate hiyo? Si ndiyo uliyosema haikosei?"

Mahari yalirudishwa. Baba wa kijana alinitumia salamu kwamba, lau nisingemchimba nasaba, watoto wangekuwa wameshaoana kwa amani. Nami nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndoa hiyo isingekuwa halali.

Wa kushangaza alikuwa dada. Kwake yeye hakuna kilichoharibika. Alikuwa amepata mtoto. Sikukuu iliyofuata alimleta kijana nyumbani kwetu kwa mkono, akamwita mwanangu mbele ya majirani, akamkalisha mkekani katikati ya ukumbi, na akaagiza kahawa kama mwenye nyumba. Kijana alikuja kwa heshima yake tu. Angekataaje?

Binti yangu alitoka jikoni na sinia. Hakuvaa buibui wala kujitanda kanga. Nywele zake zilikuwa wazi, zimesukwa upya kwa sikukuu. Kijana yule alikuwa hajapata kuziona.

"Nenda kajifunike," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Kwa nini, baba?" akajibu, naye hakupunguza sauti. "Mtu hujifunika mbele ya kaka yake?"

Akainama, akamwekea kikombe mbele yake. Dada alisema, "Haya, kunywa, mwanangu, itapoa." Kijana alikuwa ameinamisha macho mkekani, na hakuyainua mpaka binti yangu aliporudi jikoni.