Ukuta Uliofanya Tumbo

Asubuhi ile Tima alimcheka mumewe. Shee alikuwa akipekua sahani ya mbaazi kwa kidole, maana meno ya mbele yamembakia mawili.

"Baba Swabra, watafuta vijiwe au wazihesabu mbaazi?"

"Natafuta kilichonivunja jino jana."

"Jino lile lilishajiendea zamani. Usizisingizie mbaazi zangu."

Akajitupia leso kichwani, akatoka kwenda dukani kununua nazi. Mvua ya masika ilikuwa imekatika alfajiri. Shee akamsikia akiamkuana na mtu kichochoroni, kisha akasikia kishindo. Hakudhani kitu. Mtaani kwao Mjambere watu wanajenga kila siku. Akala mbaazi mpaka akazimaliza, na hapo ndipo walipokuja kumwita: ukuta umemwangukia Tima kichochoroni.

Tima alikuwa mtu wa Bofu, akavuka feri kuja kuolewa Kisauni. Chuo alichosoma ni cha Qur'ani tu. Alikaanga mahamri, akauza mlangoni. Akifa mwanamke mtaani, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha. Hata mamake Obeid, jirani wa nyuma, aliyemwosha ni yeye. Ilipofika zamu yake ya kuoshwa, wanawake walisimama mlangoni wakitazamana, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze.

Ukuta ulikuwa wa huyo Obeid. Aliupandisha matofali juu ya msingi wa kale apate kuusitiri ua wake, na mvua za mwaka uliopita zikaufanyisha tumbo. Ukipita kichochoroni wauona umekuinamia. Tima alimwambia kijirani, akarudia tena. Obeid alijibu, "Inshallah, mama." Mwisho Tima akavaa buibui, akaenda ofisi ya kaunti kushitaki. Mkaguzi akaja, akautazama ule ufa, akapiga alama ya X kwa rangi nyekundu, akampa Obeid notisi auvunje. Obeid akanuna. Ramadhani ikaingia, Idi ikapita, ukuta uko pale pale na X yake.

"Kaunti imelala," Shee akisema kila akipita.

Tima akigeuza mazungumzo.

Obeid alikuja matangani. Akakaa karibu na viatu vya watu, akanyoosha mkono.

"Mzee Shee, niwie radhi."

"Kamtake radhi uliyemfukia."

Mkono hakuupokea. Wazee wakamwambia ni kudura ya Mungu, ampe. Akasema atampa akishajua nani alimwua mkewe. Moyoni alishajua: ni Obeid, na yule aliyelalia kesi ofisini. Aliwataka wote wawili jela.

Basi akaenda ofisi ya kaunti. Mezani alimkuta mama mmoja wa bara, jina lake Selpher.

"Karibu mzee, keti."

"Sikuja kuketi. Ukuta wa Obeid wa Mjambere, kwa nini hamkuuvunja? Mke wangu alishitaki. Mkaupaka rangi mkarudi kulala. Sasa yu mchangani."

Selpher akaiweka kalamu chini. "Mama wa mahamri?"

"Ndiye."

"Jamani. Mzee, hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Alirudi hapa, siku chache kabla ya kufunga. Akaondoa malalamiko."

"Nani aliyerudi?"

"Mama mwenyewe. Alisema jirani amemwomba msamaha, na ameapa atauvunja baada ya Idi. Nikamwambia, mama, mwenye kushitaki akijitoa, sisi tunafunga faili. Akasema nifunge."

Shee akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Akaikumbuka ile siku ya kuvunja jungu, wiki ya mwisho kabla ya mfungo, majirani wanapolishana na kutakana radhi. Obeid alikuja na sinia la pilau, akasimama uani na Tima, sauti chini. Shee alikula pilau ile. Alisifu nyama.

"Na ukuta?" akauliza.

"Ukuta vipi, mzee?"

"Ulipona? Mke wangu aliposamehe, ufa uliziba? Mkaguzi wenu aliuona kwa macho yake."

Selpher alitazama mlangoni, ambako watu wengine walikuwa wakingoja na mashitaka yao: maji machafu, moshi, jenereta ya jirani.

"Kazi yetu inaanza na mwenye kushitaki," akasema mwishowe, polepole, kama mtu anayesikia maneno yake kwa mara ya kwanza.

Shee hakuinuka. Akautazama mkono ule aliomnyima Obeid, juu ya goti lake. Hakuona tena wa kumshitaki. Au wapo watatu, na wa tatu ni mkewe mwenyewe.

"Alisemaje?" akauliza. "Nipe maneno yake. Usiongeze, usipunguze."

"Alisimama hapo ulipokaa. Alisema: 'Mwanangu, futa jina langu. Mwezi mtukufu usinikute nimemshitaki jirani.'"