Siku Nilipomwachia Manju Mbuzi Wawili

Aibu niliyoipata Kisesa hata mke wangu sijamsimulia, ila ninyi ni watu wangu, chekeni tu, nimeshazoea.

Mnajua kazi yangu ni kuandika historia ya ngoma za Kisukuma, na mtu pekee niliyebaki naye anayezijua zile za zamani kabisa ni Mzee Shija, manju anayeongoza nyimbo na ngoma za kundi moja la kule, ambaye nilimbembeleza weee mpaka akakubali kunisimulia kila kitu, mradi kwanza nimrekodi kwenye mashindano ya mavuno. Bila yeye sina kitabu. Sasa kwenye mashindano haya makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na linalovuta watu wengi ndilo linashinda. Hilo nalijua vizuri, tena nalifundisha chuoni (mimi huyu huyu).

Basi jua likawa linaingia kwenye kamera, picha zinatoka nyeupe, nikaona nivuke ng'ambo kidogo tu, upande wa wapinzani, nimchukue Mzee kwa mbali. Kumbe watu walikuwa wamejaa pale wakitaka kuonekana kwenye video! Kamera ilipoondoka nao wakaifuata, kina mama na watoto mgongoni, mpaka wauza karanga, na nilipogeuka Mzee Shija alikuwa anawachezea ngoma mbuzi wawili tu. Akashindwa.

Nilimfuata nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema tu, "Kesho tunarudiana. Watu umewaondoa wewe, utawarudisha wewe. Hutaki, nenda."

Kesho yake nikavishwa njuga na manyoya, mimi ambaye hata harusini kwangu nilicheza nimekaa. Nikaanza na mguu usio wenyewe, nikamkanyaga mpiga ngoma, njuga zikakatika nikawa nazikimbiza huku kaptula inashuka, watu wanacheka hawana mbavu, na wa ng'ambo waliposikia kicheko wakaja kuona kuna nini, wakaita na wenzao, mpaka wale wapinzani wakabaki wanatazamana wenyewe kwa wenyewe. Tukashinda.

Jioni Mzee akanisogezea kigoda, bado anajifuta machozi ya kucheka.

"Marahaba," akasema. "Haya, washa mashine yako."

Jamani, nilishusha pumzi. Kitabu ninacho, ila siku hizi nikishaanza kurekodi upande mmoja sihami, jua liniunguze hapo hapo.