Shimo Chini ya Boti ya Castory

Skolastika, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kusikia. Kitenge alikinusa, dagaa aliwavunja vichwa kwanza. Sasa boti, tena ya mtumba, tena aliyoidundulizia fedha miaka sita, ainunue ikiwa inaelea, tumbo lake halionekani? Thubutu!

Aliitaka kwa ajili ya mama yake, Bibi Merina. Kijijini kwao, kaskazini zaidi, hakuna gati. Kina ni kifupi, na boti za abiria husimama mbali zisije zikasugua propela mchangani. Abiria hushuka maji yakiwa kifuani, au hubebwa mgongoni na wapagazi. Mwaka jana mpagazi alimwangusha Bibi Merina majini mbele ya mkwewe. Kikongwe wa watu, nguo zimemganda mwilini, mkwe anatazama pembeni! Tangu siku hiyo aliapa hapandi tena boti, akasusa hata kliniki ya macho mjini, na jicho la pili lilikuwa limeanza kuingia ukungu.

Ndipo Skolastika akasikia habari za boti ya Castory, iliyokuwa ikiuzwa pale pale Kibirizi. Injini yake imo ndani, na propela imefichwa kwenye mfereji uliochongwa chini ya tumbo, hivyo inafika hadi ufukweni kabisa.

"Ivuteni nchi kavu," alisema.

Castory, ndani ya shati lake jeupe, akacheka na wenzake. Mwaloni pale, boti zinapoegeshwa, wanaume hununua boti kwa masikio: injini ikinguruma vizuri, mikono inapeanwa.

"Mama Shukrani, kwani unaniona mwizi?" alimuuliza Skolastika, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Nakuona muuzaji. Ivuteni."

Ikavutwa juu ya magogo. Skolastika akakaza kitenge kiunoni, akalala chali mchangani, akajipenyeza chini huku vicheko vikiendelea. Alipapasa toka nyuma hadi mbele. Mfereji hakuuona. Alikuta mbao na lami, na propela imening'inia chini kabisa kama ya boti nyingine yoyote.

"Mfereji uko wapi?"

"Lile shimo?" Castory alijibu kwa fahari. "Tuliikuta na kasoro hiyo. Fundi Thobias akaliziba, akaishusha propela. Haivuji hata tone!"

Mawe, mama yangu! Angekuwa mwizi, Skolastika angemtukana akapoa. Lakini mtu huyu alikuwa anajisifu! Kitu pekee kilichoipa boti ile maana wamekiziba, kisha wanamcheka mwanamke anayekitafuta. Hasira zilimpanda hadi machozi yakamtoka, na machozi hayo yakamuudhi zaidi.

"Nani aliwaambia ni kasoro? Kuna hata mmoja aliyeuliza? Zibueni! Sinunui mpaka mama yangu apande akiwa mkavu."

Thobias alichonga siku nne, Skolastika kamsimamia kichwani. Siku ya tano wakaenda kijijini, Castory akiwemo. Bibi Merina alikuwa amesimama ufukweni, mikono kifuani, hataki kusikia la mtu. Pua ya boti ikapanda mchanga hatua mbili kutoka miguuni pake. Akatazama. Akapandisha mguu mmoja, kisha wa pili, akaketi. Upindo wa kitenge chake ulikuwa mkavu.

"Hii ilikuwa wapi mwaka jana?"

"Kibirizi, mama. Walikuwa wameiziba."

"Nani?"

Skolastika akaelekeza kidole kwenye shati jeupe.

"Basi mwiteni mkwe wangu aje atazame," alisema Bibi Merina. "Halafu huyu mshusheni pale maji yanapofika kifuani."